Nyumba za utotoni katika nyimbo za kantri: ipi ni ya kweli, ipi ni ya kuigiza

Na Mwandishi Wetu

WIMBO "Green, Green Grass of Home" umesikika katika redio za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wengi wanaoupenda kwa sauti ya Tom Jones huuchukulia kuwa ni wimbo wa furaha. Mtu anashuka kwenye treni, anapokewa na wazazi wake na mpenzi wake, kisha anaiona tena nyumba aliyokulia.

Asiyesikiliza hadi beti la mwisho hukosa habari yenyewe. Msimulizi yumo gerezani, yote hayo aliyaona ndotoni, na kumekucha siku ya kutekelezwa kwa adhabu yake ya kifo.

Wimbo huo ulitungwa na Curly Putman, ukavuma nchini Marekani mwaka 1965 kwa sauti ya Porter Wagoner, na mwaka uliofuata Tom Jones, mwana wa Wales, akaufikisha kileleni mwa chati za Uingereza. Nyumba inayotajwa humo haina anwani. Hakuna atakayekuonyesha mlango wake.

Lakini zipo nyimbo nyingine za kantri ambazo nyumba zake zina anwani, na baadhi ya nyumba hizo zimefunguliwa kwa wageni. Msafiri anayefikiria kuzitembelea anapaswa kujua mapema jambo moja ambalo vipeperushi vya utalii hulipitia haraka: baadhi ni nyumba zenyewe, zimesimama pale zilipojengwa, baadhi zimehamishwa, nyingine ni za kuigiza, na moja maarufu sana inabishaniwa kama inahusika na wimbo wake hata kidogo.

Kantri ni muziki uliotokana na watu wa mashamba na milima ya kusini mwa Marekani. Kurekodiwa kwa familia ya Carter na Jimmie Rodgers mjini Bristol, mwaka 1927, huhesabiwa kuwa miongoni mwa matukio yaliyouasisi kama biashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya watu wa milima ya Appalachia walihamia Detroit, Chicago na miji mingine ya viwanda. Nyimbo za nyumba ya utotoni zilipata wasikilizaji wake wakubwa miongoni mwa watu hao, waliokuwa wakilipa kodi ya chumba mjini huku mioyo ikiwa kwao. Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewaacha wazee kijijini hahitaji mkalimani hapo, na pengine ndiyo sababu kantri ina wapenzi wengi Kenya, ambako mwimbaji Elvis Otieno, maarufu kwa jina la Sir Elvis, amejijengea jina kwa nyimbo za aina hiyo.

Anayejulikana zaidi katika fani hii ni Dolly Parton. Alizaliwa Januari 19, 1946 katika kibanda cha chumba kimoja kando ya Mto Little Pigeon, wilaya ya Sevier, jimbo la Tennessee, akiwa wa nne kati ya watoto 12. Baba yake alimlipa daktari aliyemzalisha mama yake kwa gunia la unga wa mahindi. Baadaye familia ilihamia Locust Ridge, na nyumba ya huko ndiyo inayoonekana kwenye jalada la albamu yake ya mwaka 1973, "My Tennessee Mountain Home".

Albamu hiyo inafunguliwa kwa barua aliyowaandikia wazazi wake alipofika Nashville mwaka 1964, akiwa msichana wa miaka 18 aliyeondoka nyumbani mara tu baada ya kumaliza shule. Wimbo uliobeba jina la albamu ni mtamu: baraza, jioni tulivu, ndege na maua. Njaa haimo.

Njaa imo katika wimbo mwingine wake, uliotoka miaka michache kabla, "In the Good Old Days (When Times Were Bad)". Humo anaorodhesha kazi ngumu, baridi na maradhi ya nyumba hiyo hiyo, kisha anakiri kwamba kumbukumbu hizo hawezi kuziuza kwa fedha yoyote, wala hatakubali kurudi kuyaishi maisha yale. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huo ndio wimbo mkubwa zaidi kati ya hizo mbili, na anayekwenda Tennessee angefanya vyema kuusikiliza wa kwanza akiwa njiani kwenda na wa pili akiwa njiani kurudi.

Nyumba ambayo wageni huingia ni ya kuigiza. Imo ndani ya Dollywood, bustani ya burudani iliyofunguliwa kwa jina hilo mwaka 1986 katika mji wa Pigeon Forge. Haikujengwa kiholela, maana kaka yake Dolly, Bobby, ndiye aliyeijenga, na mama yao, Avie Lee, akaipamba ndani kwa jinsi alivyokumbuka. Vyumba viwili, magazeti ukutani, vyombo vichache. Mgeni huchungulia, hushangaa watoto wote walilala wapi, kisha hutoka nje kwenye treni za kuning'inia na vibanda vya vyakula. Mpito huo ni wa ghafla mno.

Binti wa mchimba makaa

Loretta Lynn hakuacha nafasi ya kubishana juu ya nyumba yake. Wimbo wake "Coal Miner's Daughter", uliotoka mwaka 1970 na kushika nafasi ya kwanza katika chati za kantri, unataja mahali, kazi ya baba, kazi ya mama na viatu vilivyonunuliwa majira ya baridi. Alikuwa ametunga beti nyingi zaidi. Mtayarishaji wake, Owen Bradley, akazikata nyingine kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu mno kwa redio.

Lynn alizaliwa Aprili 14, 1932 katika bonde la Butcher Hollow, karibu na Van Lear, Kentucky, wa pili kati ya watoto wanane. Baba yake, Ted Webb, alichimba makaa ya mawe usiku na kulima mchana. Alifariki mwaka 1959, kabla binti yake hajarekodi wimbo wowote, hivyo hakuwahi kusikia wimbo uliomfanya kuwa mchimba makaa anayefahamika zaidi Marekani. Wasifu wa Lynn ulichapishwa mwaka 1976, na filamu iliyotokana nao mwaka 1980 ikampatia Sissy Spacek tuzo ya Oscar.

Nyumba ya Butcher Hollow ni yenyewe. Ni ya mbao, imekaa juu ya mteremko, mwisho wa barabara nyembamba, na kwa miaka mingi ndugu wa familia ya Webb ndio waliowatembeza wageni kwa ada ndogo. Hakuna taa za maonyesho wala sauti ya kurekodi inayokusimulia.

Wengi hawafiki huko. Huishia Hurricane Mills, Tennessee, kwenye shamba kubwa ambalo Lynn na mumewe walilinunua mwaka 1966, ambako kuna jumba lao, makumbusho na mfano wa kile kibanda cha Kentucky. Shamba hilo lilikumbwa na mafuriko ya Agosti 2021 yaliyoua watu 20 katika wilaya ya Humphreys, akiwamo msimamizi wa shamba lenyewe. Lynn alifariki hapo Oktoba 4, 2022, akiwa na umri wa miaka 90.

Nyumba ya serikali, maji ya mto

Kama msomaji ana nafasi ya kuona nyumba moja tu, aende Dyess, Arkansas. Johnny Cash alifikishwa huko Machi 1935 akiwa na miaka mitatu. Dyess ilikuwa makazi yaliyoanzishwa mwaka 1934 chini ya mpango wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt wa kuwanusuru wakulima walioangamizwa na mdororo wa uchumi. Familia 500 za Wazungu maskini zilipewa kila moja nyumba mpya, nyumbu na takriban ekari 20 za pori la kufyeka, kwa makubaliano ya kulipa deni kutokana na mavuno. Weusi, waliokuwa na hali mbaya zaidi katika bonde hilo hilo, hawakuruhusiwa kuomba. Hilo si jambo la pembeni. Linaeleza ni kumbukumbu ya nani iliyopata nyumba ya kuhifadhiwa.

Familia ya Cash ilipewa nyumba ya vyumba vitano, ikalima pamba. Januari 1937 mto ulifurika na watu wakahamishwa. Tukio hilo ndilo lililozaa "Five Feet High and Rising" wa mwaka 1959, ambamo mtoto anawauliza wazazi maji yamefika wapi na jibu linapanda futi baada ya futi. Unachekesha kidogo, mpaka uione tambarare yenyewe na kutambua kwamba hakuna kilima cha kukimbilia. Mwaka 1944 kaka yake, Jack, alifariki baada ya kukatwa na msumeno wa mashine akiwa kazini. Cash aliondoka mwaka 1950 na maisha yake yote aliendelea kumtaja.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Arkansas kiliinunua nyumba hiyo mwaka 2011. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito unaovimba na kusinyaa, ukaupindisha msingi, hivyo ukarabati ulianzia chini kabisa. Ndugu wa Cash waliokuwa hai, Joanne na Tommy, walieleza kitanda kilikaa wapi na meza wapi. Nyumba ilifunguliwa kwa umma Agosti 2014. Kati ya zile nyumba 500, zilizosalia ni chache mno, na hiyo moja inasimama peke yake kandokando ya mashamba.

Cha ajabu ni kwamba jumba la kifahari la Cash kando ya ziwa huko Hendersonville, alikoishi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi kifo chake mwaka 2003, liliteketea kwa moto Aprili 2007 wakati mmiliki mpya, Barry Gibb wa kundi la Bee Gees, akilikarabati. Kijumba cha mkopo wa serikali ndicho kilichobaki.

Behewa na nyinginezo

Merle Haggard hakukulia katika nyumba ya kawaida. Baba yake, fundi seremala wa shirika la reli aliyetoka Oklahoma, alilichukua behewa kuukuu la kubebea bidhaa baridi na kuligeuza makazi huko Oildale, California. Haggard alizaliwa mwaka 1937. Baba akafariki mwaka 1946, na mtoto akaharibikiwa kiasi cha kufungwa San Quentin. Wimbo wake "Mama Tried" wa mwaka 1968 unamwondolea lawama mama aliyebaki kumlea peke yake ndani ya behewa hilo. Mwaka 2015 lilihamishiwa Makumbusho ya Kern County, Bakersfield, na baada ya kukarabatiwa likafunguliwa mwaka 2017. Haggard alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, siku aliyotimiza miaka 79.

Bill Monroe, baba wa mtindo wa bluegrass, alibaki yatima akiwa kijana mdogo, na nyumba tupu ya wazazi wake huko Jerusalem Ridge, karibu na Rosine, Kentucky, imo katika nyimbo zake kadhaa. Ilikarabatiwa mwaka 2001.

Tahadhari inahitajika Bardstown, pia Kentucky. Jumba la Federal Hill hutembezwa kama "My Old Kentucky Home", wimbo wa Stephen Foster wa mwaka 1853, ambao si wa kantri lakini ni babu wa nyimbo hizi zote. Foster alikuwa mtu wa Pennsylvania. Jumba lilikuwa la jamaa zake, lakini watafiti wanaonyesha kuwa chimbuko la wimbo ni riwaya ya "Uncle Tom's Cabin", na anayelilia nyumba humo ni mtumwa aliyeuzwa mbali. Kinachoonyeshwa wageni ni jumba la waliomiliki watumwa. Tofauti hiyo si ndogo.

Wimbo wa karibuni zaidi wenye uzito huo ni "The House That Built Me" wa Miranda Lambert, uliotoka mwaka 2010 na kumpatia Grammy mwaka uliofuata. Ulitungwa na Tom Douglas na Allen Shamblin, na awali ulikusudiwa kwa Blake Shelton. Mwanamke anabisha hodi katika nyumba aliyokulia, sasa ya watu wengine, na kumwomba mwenye nyumba amruhusu azunguke kidogo. Nyumba ya wimbo huo haitembelewi kwa tiketi, na wengi wetu nyumba zetu ni za aina hiyo.

Kwa msafiri

Memphis ndicho kituo chenye faida zaidi. Graceland ya Elvis Presley iko hapo hapo. Ilinunuliwa mwaka 1957 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1982. Tupelo, Mississippi, alikozaliwa katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba yake aliijenga kwa mkopo wa dola 180, ni mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari. Dyess ni kama kilomita 80 kaskazini. Anayeendelea kuelekea Nashville atapita karibu na Hurricane Mills. Butcher Hollow na Pigeon Forge ziko mbali zaidi, mashariki, na kila moja inataka siku yake.

Usafiri wa umma kwenda sehemu nyingi kati ya hizo haupo, hivyo gari la kukodi ni lazima. Nyumba ndogo hufungwa baadhi ya siku, hasa majira ya baridi. Piga simu kabla ya kuondoka. Na yule atakayetaka kuiona nyumba yenyewe ya Locust Ridge, ile ya kwenye jalada la albamu, ajue kwamba Dolly Parton aliinunua tena na haifunguliwi kwa wageni.