Askari Huzungumza Lugha Gani? Tamthilia za Vita na Kiswahili cha Mpakani

Tamthilia ya televisheni inayodai kuonyesha vita kwa uhalisia hupimwa kwa sare, silaha na matope. Katika makala haya ningependa tuipime kwa lugha. Raid on Entebbe ilionyeshwa Marekani Januari 1977, miezi sita tu baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe. Yaphet Kotto aliigiza Idi Amin. Mwaka 1981 filamu ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, ikampa Mkenya Joseph Olita nafasi hiyo. Zote mbili ni kazi za Kiingereza.

Lakini jeshi la Amin halikuwa la Kiingereza. Chimbuko lake ni askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891, mababu wa Wanubi wa leo, kisha kikosi cha KAR kilichoundwa 1902 na kukitumia Kiswahili kambini. Amin alijiunga nacho mwaka 1946. Hata neno "afande", lenye asili ya Kituruki, linatukumbusha askari waliopitia jeshi la Misri.

Vita vya 1978-79 vilikutanisha majeshi mawili yenye lugha moja. Mapema Machi 1979 wapiganaji waliompinga Amin waliuteka mji wa Tororo, ukarudishwa na majeshi yake baada ya siku chache. Kampala ilianguka Aprili 11, na Watanzania wakasonga mashariki kuelekea huku mpakani. Raia waliwaita "bakombozi" (tazama jinsi kiambishi ba- cha lugha zetu kilivyolipokea neno la Kiswahili), na makombora yao yakaitwa "saba saba".

Hebu fikiria kizuizi cha barabarani karibu na Masinya. Askari wa kwanza anasema, "Wewe, leta kitu yako." Wiki chache baadaye mwingine anasema, "Mzee, naomba kitambulisho chako." Kwa mwalimu hilo ni suala la upatanisho wa kisarufi. Kwa mzee aliyesimamishwa, lilikuwa dokezo la jeshi lililokuwa mbele yake, na pengine la iwapo angefika nyumbani. Mwandishi anayewapa askari hao wote Kiingereza ameifuta hofu hiyo, hata kama bunduki zake ni halisi.

Ndiyo maana sishangai mwanafunzi wa upande wa Uganda anapoulizwa kwao kwa nini anasomea lugha ya wanajeshi. Amri ya Amin ya 1973 iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa haikukisaidia, kwani wengi walikuwa wamekisikia kwanza kikitoka nyuma ya bunduki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini katiba haiingii masikioni mwa bibi aliyeporwa.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi wenu kazi hii: waandike onyesho la kizuizi hicho bila kutaja jeshi, sare wala bendera. Kisha wenzao watambue nani ni nani kwa kusikiliza tu.