Nyayo Shambani na Hukumu ya Nabii Suleiman

Atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Dumila, penye njia panda ya Kilosa. Huko mashamba ya mahindi na mpunga yamepakana na malisho, na mashauri ya ng'ombe kula mazao hayaishi. Si mambo madogo: tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa-Mbuyuni, wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima.

Shauri lenyewe ni kongwe. Qurani Tukufu, katika Sura ya Manabii, yataja kondoo walioingia shamba la watu usiku. Wafasiri waeleza kuwa Nabii Daud (A.S.) aliamua mwenye shamba apewe kondoo wale. Mwanawe Suleiman (A.S.) akaona vingine: mwenye shamba awatumie kondoo, apate maziwa, sufu na wana wao, mwenye kondoo naye alihudumie shamba hata lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu achukue chake. Tazama alivyopima! Hakuuliza thamani ya mali tu, bali chumo lililokosekana na muda wake. Mahakama zetu, mtu akiuawa na gari, huenda karibu na njia hiyo: pato lake la mwaka, hutolewa aliyojitumilia mwenyewe, kisha huzidishwa kwa miaka; nayo miaka hupunguzwa, maana warithi hulipwa zote mara moja.

Lakini nani alipe? Mkulima huamka akakuta kwato na mavi ya ng'ombe, shahidi hakuna. Dalili si kitu cha kudharauliwa, kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.) iliyochanika nyuma ndiyo iliyomtakasa. Ila kwato husema ng'ombe wamepita, hazisemi ni wa nani. Katika kesi ya jinai, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilishikilia mwaka 1958 kwamba dalili zisiweze kuelezeka kwa njia nyingine yoyote ya maana isipokuwa hatia ya mshtakiwa. Katika madai ya fidia mizani ni nyepesi zaidi: hutazamwa lipi laelekea kuwa kweli.

Na saa pia ina neno. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani, Mtume (S.A.W.) aliamua kuwa mchana wenye mashamba walinde mashamba yao, na uharibifu wa usiku ni juu ya wenye wanyama. Mashafii na Mamaliki wameishika hukumu hiyo; Mahanafi hawamtozi mtu ambaye mnyama wake ametoroka peke yake, hata usiku.