Zana za Vita na Kumbukumbu ya Waliozibeba

Katika nchi nyingi za dunia ziko nyumba za makumbusho ya vita. Humo huwekwa ndege zilizopata kutobolewa kwa risasi kisha zikazibwa, vifaru vilivyosuguliwa kutu na kupakwa rangi upya, na magari ya jeshi ambayo mafundi wameyafufua hata yakanguruma tena. Wageni huvitazama vyombo hivyo kwa mshangao, na watoto hupenda kupigwa picha mbele yake. Hapana ubaya katika jambo hilo. Walakini yatupasa tujiulize: chombo cha vita kinapofufuliwa na kuwekwa mbele ya watu, je, habari za watu waliokitengeneza, waliokibeba na waliokufa kwa ajili yake hufufuliwa pamoja nacho? Katika insha hii tutalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya mizinga kumi ambayo ilitengenezwa upya papa hapa Dar es Salaam.

Mizinga hiyo ilikuwa ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyofika Dar es Salaam mwezi wa Juni, 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa karibu kuanza, manowari hiyo ilitoka bandarini, na asubuhi ya tarehe 20 Septemba, 1914, iliishambulia na kuizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja ili itengenezwe. Kisha Königsberg, ambayo mitambo yake nayo ilikuwa imeharibika, ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za adui hazikuweza kuingia kwa sababu ya uchache wa kina cha maji.

Ili kuitafuta, Waingereza walileta ndege. Mwezi wa Novemba, 1914, rubani wa kiraia aitwaye Cutler, aliyekodiwa huko Durban pamoja na ndege yake iliyoweza kutua juu ya maji, aliruka kutoka kisiwa cha Niororo na kuiona manowari ilipojificha. Mwaka uliofuata Waingereza walikwisha kukiteka kisiwa cha Mafia, na ndege zao zikawa zikiruka kutoka huko. Tarehe 11 Julai, 1915, meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupiga mizinga huku ndege ikizielekeza kutoka juu. Ndege hiyo ilipigwa ikaanguka mtoni, lakini watu wake wawili waliokolewa. Königsberg iliungua, na mwishowe mabaharia wake wenyewe waliizamisha.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo aghalabu husimuliwa kwa maneno machache tu. Mizinga kumi ya Königsberg, ambayo mtutu wa kila mmoja una kipenyo cha milimita 105, iliopolewa mtoni na kuletwa Dar es Salaam. Katika karakana za mji huu ilitengenezwa na kuwekewa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mzinga wa manowari haukuundwa uvutwe porini. Ni mzito mno. Kwa hiyo mamia ya watu walifungwa kamba na kuuvuta kila mmoja katika matope na kupandisha vilima. Mizinga hiyo ilipigana Kahe na Kondoa mwaka 1916, na mmoja wake ulipata kufungwa juu ya meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo: waliiopoa mizinga ya Pegasus huko Unguja na kuitia magurudumu. Hata ulipofika mwisho wa mwaka 1917, mizinga yote kumi ya Königsberg ilikuwa imetekwa au kuharibiwa.

Je, i wapi sasa? Mmoja umewekwa Pretoria, Afrika ya Kusini. Mwingine uko Mombasa, penye Ngome ya Yesu, na karibu yake umewekwa mzinga wa Pegasus, adui yake wa Unguja. Manowari yenyewe iliachwa Rufiji. Mwaka 1924 haki ya kuokoa vyuma vyake ilinunuliwa na John Ingle, yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, na baadaye mabaki yakadidimia matopeni. Meli ya Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916, iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria na mizigo kwa jina la Liemba. Basi vyuma vya vita ile vimepata majina, maandishi na watunzaji.

Tukigeuka sasa kuwatazama watu, mambo ni tofauti. Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, malaria na kuhara damu. Wilayani Kinondoni, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo, yako Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam. Yalianzishwa mwaka 1968, makaburi ya Barabara ya Bahari yalipohamishwa kupisha barabara mpya, nayo yana wafu zaidi ya 1,700 wa vita ile. Nyasi hukatwa na mawe husafishwa. Lakini mtu akitafuta humo majina ya wale waliovuta mizinga na kubeba unga, hatayaona kwa wingi unaolingana na vifo vyao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi hiyo ikafika 350,000. Katikati ya mji, sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini anayeonekana ni askari peke yake na bunduki yake. Ukumbusho mkubwa wa wapagazi uko midomoni mwa watu: ni jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao.

Kwamba jina laweza kutunza historia kuliko chuma, kambi ya Lugalo ni shahidi. Zamani kambi hiyo iliitwa Colito, kwa kukumbuka mahali huko Ethiopia ambapo askari wa King's African Rifles walipigana kwa ajili ya Waingereza mwaka 1941. Baada ya maasi ya askari ya Januari, 1964, na kuundwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka huo huo, ilipewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti, 1891, na kuteka silaha zake. Leo kila dereva wa daladala apitaye hapo hulitamka jina la ushindi ule.

Kwa hiyo mwalimu anayewapeleka wanafunzi kutazama zana za vita, popote zilipo, asiishie katika kuwaeleza uzito wa mzinga na mwendo wa ndege. Na awaulize: Nani aliutengeneza? Nani aliuvuta, na alikula nini njiani? Jina lake liliandikwa wapi?

Kwa wapagazi wa 1914 hadi 1918, wengi wa kuyajibu maswali hayo wamekwisha kufa. Walakini vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bado vinao mashahidi walio hai. Katika vita vile malori na mabasi ya kiraia yalikusanywa ili kupeleka askari na chakula mpakani, na wanamgambo kwa maelfu waliitwa. Baadhi ya madereva, mafundi, wauguzi na wanamgambo hao wangali wanaishi Temeke, Kinondoni na kwingineko nchini, nao sasa ni wazee. Lori lililokwenda Kagera laweza kungoja ghalani miaka ishirini zaidi, kisha fundi akalipaka rangi. Dereva wake hawezi kungoja. Wanafunzi na waende kwake sasa na daftari, wamwamkie, wamsikilize, na waandike jina lake pamoja na majina ya wenziwe ambao hawakurudi.