Bata Mzinga na Watoto Warefu

Kabla propranololi haijazoeleka kwa wagonjwa wa Marfan, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaorefusha mwili na kudhoofisha mishipa, ilijaribiwa kwa bata mzinga. Wafugaji wa Marekani walikuwa wakipoteza ndege wanono walioanguka na kufa ghafla. Wakipasuliwa, aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, inakutwa imechanika. Mwaka 1968, Simpson na wenzake kule Florida waliwalisha bata mzinga kemikali inayodhoofisha kuta za mishipa, na baadhi yao wakawapa propranololi. Dawa iliwakinga.

Dawa hiyo ilikuwa bado changa. James Black, Mskoti, aliibuni katika miaka ya 1960 ili kuwapunguzia wagonjwa wa moyo maumivu ya kifua. Ugonjwa wa Marfan wenyewe ulijulikana tangu 1896, daktari Marfan wa Paris alipoeleza habari za msichana mdogo mwenye vidole virefu, vyembamba. Lakini urefu hauui. Mwaka 1972 madaktari wa Johns Hopkins walipopiga hesabu, waligundua kuwa wagonjwa hawa walikufa wakiwa na wastani wa miaka 32, wengi wao kwa matatizo ya moyo na aota.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo, na swali ninaloulizwa sana na akina mama ni hili: "Sista, mwanangu hana presha. Mbona anapewa dawa ya presha?"

Ni swali la haki, na bata mzinga wanasaidia kulijibu. Ukuta uliozaliwa dhaifu unaumizwa na kishindo cha kila pigo, hata presha ikisoma vizuri. Propranololi hupunguza idadi ya mapigo na nguvu yake.

Kwa binadamu, ushahidi ulikuja mwaka 1994. Wagonjwa 70 walifuatiliwa kwa takriban miaka 10: 32 walimeza propranololi, 38 hawakumeza. Dozi ilipimwa kwa mazoezi: mgonjwa akijishughulisha, moyo usifike mapigo 100 kwa dakika. Aota za waliomeza zilitanuka polepole zaidi, ingawa wapo waliozidiwa hata hivyo.

Magonjwa yaliyo ndugu wa Marfan yalihitaji utafiti wake. Kwa Ehlers-Danlos ya mishipa, ambayo nayo hudhoofisha kuta za mishipa, Wafaransa na Wabelgiji walijaribu seliprololi, dawa ya ukoo huohuo ambayo pia hulegeza mishipa. Matokeo yalitoka 2010: mishipa ilipasuka au kuchanika kwa wagonjwa 5 kati ya 25 waliotibiwa, na 14 kati ya 28 wasiotibiwa.

Kwa hiyo namjibu mama bila kumficha: dawa hii haiponyi, inampa mwanao muda. Asiiache ghafla kwa kuwa anajisikia mzima, na asikose kipimo cha eko cha moyo, maana hicho ndicho kitakachotuambia siku ya kuifanyia aota upasuaji kabla haijachanika.