Sinema, Muziki na Picha Moja ya Mwaka 1972

Nilikuwa nyumbani Mlimba kwa wiki mbili, ndiyo maana nilikuwa kimya. Wanaonifahamu wanajua kuna vitu vitatu vinavyonimalizia pesa na muda: sinema, muziki wa zamani na kupiga picha. Kuandika habari ni kazi, lakini hivi vitatu ndivyo ulevi wangu. Safari hii vyote vitatu vilikutana ndani ya kopo moja la biskuti, na nimerudi mjini nikiwa na deni. Ngoja niwasimulie.

Kwa wasioijua, Mlimba iko ndani kabisa ya bonde la Kilombero, pale tambarare ya mpunga inapogota kwenye milima. Ukipanda treni ya TAZARA pale Ifakara utapita Mbingu, Mngeta na Chita, halafu utafika kwetu. Baada ya hapo reli inaacha bonde na kuanza kupanda. Sisi watoto wa Mlimba tulikua tukiamini kwamba dunia inaanza stesheni. Magazeti yalishukia stesheni, kanda za muziki zilishukia stesheni, na hata wajomba kutoka Dar na masanduku yao walishukia stesheni, mara nyingi usiku wa manane!

Historia ya reli yenyewe wengi mnaijua. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa watu wasioitakia mema. Nchi za Magharibi zilikataa kujenga njia nyingine. China ikakubali, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakiwapo. Kipande cha kwanza, kilomita 502 kutoka Dar hadi Mlimba, kilikamilika mwaka 1971. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kati ya Mlimba na Makambako peke yake kuna madaraja 46 na mahandaki 18, wakati reli nzima ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ina mahandaki 22. Nguzo za daraja la mto Mpanga zina urefu wa mita 50 hivi. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua katika kipande hicho cha milimani. Alifariki kabla sijazaliwa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Nianze na sinema.

Bibi anasema sinema ya kwanza maishani mwake aliiona kambini kwa Wachina. Walitundika shuka jeupe, mashine ikawashwa, watu wakatokea. Ilikuwa filamu ya vita, maneno yote ya Kichina, hakuna aliyeelewa hata moja. "Tulicheka mahali pa kulia," anasema, "na Wachina wakawa wanatushangaa." Kizazi chetu sisi sinema tuliiona kwenye kibanda umiza: benchi za mbao, jenereta linalonguruma nje, na jasho. Bruce Lee alikuwa ameshakufa tangu 1973, lakini pale kibandani alikuwa mzima kila Jumamosi. Na lugha hazikutusumbua, kwa sababu alikuwapo Kapteni Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu, aliyezitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili cha mtaani na kuongeza vichekesho vyake mwenyewe. Nadhani nusu ya filamu ninazozipenda ninampenda Lufufu, si mwigizaji.

Lakini mkiniuliza leo filamu moja tu ninayoiheshimu kuliko zote, si ya ngumi. Ni ya Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling, inaitwa "These Hands", ya mwaka 1992. Ina dakika 45. Inaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayekwambia ufikiri nini. Unaona mikono inapiga jiwe, unaona mtoto amekaa pembeni, unawasikia wakiimba. Nilipoiona mara ya kwanza nilichoka baada ya dakika kumi nikataka kuipeleka mbele. Baadaye nikaelewa kwamba kuchoka kule ndiyo filamu yenyewe. Zege la ghorofa zetu lina kokoto, na kokoto ina mkono wa mtu.

Haya, twende kwenye muziki.

Mkoa wa Morogoro hatujivuni bure. Salum Abdallah na Cuban Marimba ni wetu. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz ni wetu. Hata kwenye Bongo Fleva, Mfalme wa Rhymes wa mwaka 2004 alikuwa Afande Sele, mtu wa Morogoro. Lakini mimi ni mgonjwa wa Mbaraka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walisafiri hadi Japani kupiga muziki kwenye maonyesho makubwa ya Expo pale Osaka. Nalipenda sana jambo hili: mwaka uleule gitaa la Morogoro linaelekea Asia, maelfu ya Wachina wanashuka melini Dar es Salaam kuja kutoboa milima yetu. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Kitu kimoja nilikisikia kwa miaka mingi bila kukitilia maanani. Sikilizeni muziki wa dansi wa miaka ile. Katikati ya wimbo, magitaa yakishachanganya, mtu anapaza sauti na kumtaja anayepiga. Anamtaja mpiga solo, mpiga besi, mpuliza saksafoni, wakati mwingine hata rafiki wa bendi aliyekaa tu mezani. Nilidhani ni mbwembwe. Kumbe ilikuwa kumbukumbu! Miaka hamsini imepita, wengi wao wamelala makaburini, na bado majina yao yanatajwa kila kanda inapowekwa.

Sasa picha.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Yashica ya baba mdogo. Yeye alikuwa mpiga picha wa pale kwetu enzi za mkanda: harusi, ubatizo, kipaimara, na picha za vitambulisho huku mtu ameshikiwa kanga nyuma. Simu zilipoanza kupiga picha, kazi ikafa, kamera akanipa mimi. Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa wa picha 36. Niliupeleka Ifakara kusafishwa, nikasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Shujaa wangu wakati huo alikuwa Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akaanzia kazi yake ya picha Dar es Salaam, na mwaka 1984 akaionyesha dunia njaa ya Ethiopia hadi dunia ikashtuka. Mtoto wa reli na kamera! Nilijiona mimi ndiye Mohamed Amin wa Mlimba.

Basi, sasa tufungue lile kopo.

Siku ya tatu nyumbani nilikuwa nimekaa na bibi uani. Bibi sasa haoni. Mtoto wa jicho alianza zamani, na ilipofika kumpeleka hospitali tulikuwa tumeshachelewa. Ananitambua kwa salamu. Nikisema "Shikamoo bibi" anajibu, "Marahaba mume wangu, umeniletea nini?" Siku hiyo akaniagiza nimletee kopo lake lililo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya baba, risiti za zamani, na picha nne. Moja sikuwahi kuiona.

Ni picha ya nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na unyevu. Nyuma kuna maandishi ya kalamu: 1972. Basi, hakuna zaidi. Mbele wamesimama wanaume tisa, Waafrika wanane na Mchina mmoja, nyuma yao kuna ukuta wa mwamba. Nikauliza, "Bibi, hawa ni akina nani?" Akasema, "Babu yako yumo."

Ndugu zangu, mimi sikuwahi kuiona sura ya babu yangu. Nilijua hakuna picha yake. Na sasa ninayo mkononi, lakini wanaume ni wanane, na mtu pekee anayeweza kunionyesha haoni!

Tukaanza kazi. Nikawa namsimulia picha ile mtu mmoja mmoja kutoka kushoto, yeye akiwa amefumba macho. Huyu mfupi, amevaa kofia ya majani. Huyu amekunja suruali hadi magotini. Huyu anacheka, ana mwanya. "Mwenye mwanya ni fulani," akasema, akataja jina. "Alikuwa anaimba sana." Tukaendelea. Nilipofika wa sita nikasema ni mrefu, shati limechanika begani, ameangalia pembeni.

"Mkono wake wa kushoto uko wapi?" bibi akauliza.

Nikatazama. "Hauonekani. Ameuweka nyuma."

"Ndiye huyo."

Akaniambia kwamba babu alipondwa vidole viwili na jiwe wakati wa kupasua mwamba, upande wa Mpanga. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwonyesha mtu mkono ule, hata kanisani aliuficha ndani ya koti. Bibi alijuaje kwamba yumo kwenye picha? Kwa sababu babu mwenyewe ndiye aliyeileta nyumbani, akamwambia, "Hii tuliyopigwa." Hakuandika majina kwa sababu kila mtu aliwajua. Nani angewasahau?

Tulikaa na picha ile hadi jua likazama. Kati ya wale wanane bibi alitaja wanne, babu akiwemo. Majina siyaweki hapa kwa kuwa watoto na wajukuu wao wapo na sijawaomba ruhusa. Wanne wengine alijaribu sana. "Huyo mfupi... mh. Alitoka Ubena. Au ni yule wa Iringa?" Halafu akanyamaza. Nikajua hapo ndipo tulipofika, na kwamba hakuna mahali pengine pa kuuliza. Mchina naye hakumjua kabisa. Walimwita "Mchina wetu".

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kuandika habari kwenye makaburi ya Wachina kule Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Wamelala zaidi ya 60 pale, wengi wao watu wa reli hii. Nilipita jiwe kwa jiwe. Kila jiwe lina jina. Nilisifu sana wenzetu wanavyotunza watu wao, nikaandika, nikalipwa, nikasahau. Jioni ile uani kwa bibi ndipo nilipoyakumbuka mawe yale.

Usiku nikafanya hesabu, na hapa ndipo pananiuma. Nilitoa zile picha zangu 36 za mkanda wa kwanza. Ishirini na saba ni za treni, reli na madaraja. Tano ni milima. Mbili ni rafiki zangu wanajifanya Bruce Lee. Mbili ni bibi, na moja nimemkata kichwa. Nikafungua simu. Nina picha zaidi ya elfu nne. Za bibi ni kumi na moja, na katika nyingi amegeuka anachochea moto.

Mimi, ninayejifanya naipenda "These Hands" na kuwahubiria watu kuhusu mikono ya wafanyakazi, nilikuwa na kamera ndani ya nyumba ya mjane wa mtu aliyepoteza vidole kwenye reli, nikatoka nje kwenda kupiga picha reli! Wakati bibi bado ana macho, angeweza kuniwekea kidole juu ya kila uso na kuutaja. Sikuuliza. Nilikuwa natafuta historia kubwa huku historia inanipikia ugali.

Sisemi madaraja yasipigwe picha. Daraja la Mpanga ni kazi ya ajabu, na sasa kwa kuwa China, Tanzania na Zambia zilisaini makubaliano ya kuifufua TAZARA mwezi Septemba 2024, bila shaka zitapigwa nyingine nyingi na nzuri. Ila daraja lina watu wa kulihesabu na kuliandika. Yule mfupi mwenye kofia ya majani alikuwa na bibi yangu tu.

Kwa hiyo nimebadili utaratibu. Siku zilizobaki nilizunguka Mlimba na picha ile, nikabisha hodi kwa wazee walio hai. Mzee mmoja alimtambua mtu wa tatu mara moja, kabla hata ya kukaa. Wamebaki watatu. Kila mahali niliwapiga picha wazee wenyewe, kwa idhini yao, nikaandika jina, kijiji na mwaka, nikarudia kuyasoma kwa sauti ili wanisahihishe. Nilijiona kama yule mtu wa bendi anayetaja wapigaji katikati ya wimbo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wikiendi hii fungueni kopo la nyumbani kwenu. Msianze na kuskani wala kurusha mtandaoni. Anzeni na kalamu, andikeni nyuma, taratibu ili msiharibu karatasi: huyu ni nani, hapa ni wapi, lini. Ulizeni leo, maana kesho anayejua anaweza kuwa haoni, au hayupo.

Bibi nilimwachia picha yake, mimi nikabaki na nakala. Nilipomuaga akaniuliza kama safari hii nimempiga picha. Nikamwambia ndiyo, nyingi. Akauliza, "Mikono ipo?"

Ipo, bibi. Yote miwili.