Kichwa Kilichopandikizwa Nywele: Udhu, Janaba na Vumbi la Dodoma

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Mama mmoja wa Unguja ametuletea suali kuhusu mwanawe anayefanya kazi Dodoma. Kijana huyo alisafiri kwenda Istanbul kupandikizwa nywele, akarejea Dodoma siku ya nne, na usiku wake akapatwa na janaba usingizini. Wenzake anaokaa nao walimwambia kuwa maji yapo, kwa hivyo sala haisihi mpaka maji yafike kila unywele. Akajimwagia ndoo nzima na kusugua kichwa kama kawaida. Damu ikatoka, na sehemu ya mbele ikapoteza baadhi ya nywele zilizopandwa. Mama anauliza: je, walimwambia kweli? Na vipi mtu atunze kichwa kama hiki katika mji ule wenye jua kali na vumbi?

Jawabu la kwanza ni kuwa hawakumwambia kweli, ingawa hatudhani kuwa walikusudia ubaya. Tukio la namna hii lilikwishatokea zama za Mtume (S.A.W.). Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe kichwani, kisha akaota. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hawamuoni na ruhusa hali maji anayaweza. Akakoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa maneno mazito, kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Jaraha la kijana wetu ni dogo kuliko lile, lakini hukumu ni moja: kidonda cha kichwani hakimwagiwi maji yatakayokidhuru.

Wapo watakaosema huyu amejitakia mwenyewe. Kupandikiza nywele za mtu mwenyewe, kutoka kisogoni kwenda utosini, si kule kuunga nywele kulikolaaniwa katika Hadithi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, azimio namba 173, limetaja kupandikiza nywele zilizoanguka miongoni mwa matibabu yanayojuzu. Katika kisa cha watu watatu wa Bani Israil kilichomo ndani ya Bukhari na Muslim, Malaika alimpangusa mwenye upara na nywele nzuri zikaota. Lau kutamani nywele kungekuwa haramu asingepewa. Tunachokichukia sisi ni kukopa kwa riba au kuwanyima watoto ada ya skuli kwa ajili ya utosi. Lakini hata aliyekosea katika kutumia mali yake, akishakuwa na jaraha ana ruhusa za mwenye jaraha.

Tuanze na udhu, kwani ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Sisi Mashafii faradhi ya kichwa ni kupangusa sehemu yake tu, hata ikiwa ni kidogo sana. Basi mwenye kupandikizwa atafute mahali palipo pazima, mara nyingi juu ya sikio, aweke kidole kilichorowa, na inamtosha. Asipitishe mkono kichwa kizima kwa kutafuta sunna, maana sunna hailetwi kwa madhara. Na hapa pana faida ambayo wengi hawaijui. Mpaka wa uso katika udhu ni pale nywele zinapoota kwa watu wengi, si pale zilipobakia kwa mwenye upara. Zile pembe mbili za mbele zinazorudi nyuma kwa wanaume, wanachuoni wetu wamezihesabu kuwa ni kichwa, si uso. Na hapo hasa ndipo madaktari wanapopanda. Kwa hivyo anayenawa uso halazimiki kuyapandisha maji mpaka kwenye nywele mpya. Anyanyue kiganja taratibu na akomee kwenye paji.

Josho la janaba ndilo lenye uzito, kwa kuwa hapo kichwa chote hutakiwa maji. Akoge mwili mzima, na kichwani aoshe kile kilicho kizima kwa kitambaa kilichorowa ikiwa hakitadhurika. Kwa ile sehemu isiyofikiwa na maji atayamamu, usoni na mikononi tu. Hakuna udongo unaopakwa kichwani. Anaweza kutanguliza tayamamu au kukoga, vyote sawa. Kila inapoingia sala ya faradhi nyingine atarudia tayamamu bila ya kurudia kukoga, na siku daktari atakaporuhusu maji, ataosha ile sehemu iliyobaki na mambo yameisha. Tayamamu yetu inataka udongo safi wenye vumbi, na Dodoma halitafutwi kwa shida. Ndilo lile lile tutakalomwambia alikimbize kichwani kwake.

Mwenye bendeji, aghalabu ni kisogoni na kwa siku moja au mbili, akipatwa na janaba humo atapangusa juu yake kwa maji pamoja na ile tayamamu. Tunamnasihi kila anayekwenda kufanyiwa aingie chumba cha daktari akiwa na udhu, ili bendeji ifungwe akiwa tohara. Damu kidogo inayotoka kwenye kidonda chake mwenyewe imesamehewa, isimtoe kwenye sala.

Na sijda? Madaktari wengi wanakataza kuinama kwa siku kadhaa za mwanzo, kwa kuhofia damu na uvimbe. Uvimbe huo huja kati ya siku ya pili na ya tano, ukashuka kutoka kwenye paji mpaka machoni, ukatisha watu bure. Aliyekatazwa asali kwa kusimama, arukuu kwa kuinamisha kichwa kadiri anavyoruhusiwa, kisha akae na asujudu kwa ishara ya chini kuliko ya rukuu. Akiruhusiwa kusujudu, aweke paji upande wa juu kidogo ya nyusi, kwenye mswala laini na safi. Kusali kichwa wazi hakubatilishi sala ya mwanamume. Kofia ya kiua tunayoipenda iwekwe kabatini kiasi cha wiki mbili, kwani ukingo wake hukaa juu ya nywele mpya kabisa.

Sasa tuje kwenye matunzo yenyewe. Maelekezo ya aliyekufanyia yanatangulia haya tunayoyasema, nasi tumeyakusanya kwa madaktari. Mizizi iliyopandwa inashika barabara takriban siku ya 9 au ya 10. Kabla ya hapo kukuna, kugonga mlango wa gari au kulalia ubavu kunaweza kuing'oa. Alale chali, mito imeinua kiwiliwili nusu kukaa, kwa usiku tano hadi saba. Siku za mwanzo kichwa kinapuliziwa maji ya chumvi ya hospitali, bila ya kuguswa. Kuosha huanza siku anayoitaja daktari, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne: povu la shampuu laini linawekwa kwa kiganja, maji ya uvuguvugu yanamiminwa kwa kikombe, si kwa bomba la mvua, na kukausha ni kwa kugusisha kitambaa, si kufuta. Vigaga vitaanguka vyenyewe baina ya siku ya 7 na ya 14.

Dodoma inaongeza mitihani yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukali wa miale ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Mtu wa Unguja hudanganyika kwa kuwa hatoki jasho kama kwao, akadhani jua ni dogo. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, hewa ni kavu, na upepo wa miezi ya katikati hubeba vumbi mpaka ndani ya nyumba. Ukavu unafanya vigaga viwe vigumu na kichwa kiwashe. Dawa yake ni kupulizia mara kwa mara, si kucha. Foronya ibadilishwe kila siku. Maji ya visima katika mitaa mingi yana chumvi na ni magumu kwa sabuni, basi kwa wiki ya kwanza atumie yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa. Akitoka nje avae kofia pana iliyolegea, au atembee na mwavuli, wakimcheka wacheke. Bodaboda aiache kiasi cha wiki mbili: akivaa helmeti inasugua, na kupanda bila ya helmeti hatumruhusu. Akitaka kurudi nyumbani kupitia Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza 2024 ni bora kuliko basi linalorusha kichwa, na avae mto wa shingo.

Akifika kwetu asiingie baharini mpaka mwezi upite. Na kina mama tunawaomba radhi, lakini mafuta ya nazi, habasoda na ubani visipakwe kwenye jaraha bichi, hata kama vimemponya babu. Hijama ya kichwani nayo ingoje mpaka daktari aseme. Sigara na shisha hupunguza damu inayofika kwenye mizizi, mbali na hukumu yake tunayoijua.

Baina ya wiki ya pili na ya nane nywele nyingi zilizopandwa hupukutika. Hilo ni jambo la kawaida, mzizi umebaki ndani. Huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya mwaka. Yasiyo ya kawaida ni homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi inayogeuka nyeusi. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wenye asili ya kuota kovu lililofura wamwambie daktari kabla ya kufanyiwa, kwani sisi Waafrika tunalo zaidi.

Anayekusudia Umra aichelewesha mpaka apone, kwa kuwa mwanamume katika ihramu hafuniki kichwa, na akilazimika kukifunika kwa ajili ya jaraha ana fidia: kuchinja mbuzi, au kulisha masikini sita, au kufunga siku tatu. Nywele inayoanguka yenyewe haina kitu juu yake. Wakati wa kujivua ihramu, kupunguza nywele tatu za pale palipo pazima kunamtosha.

Ama kijana aliyeulizwa, sala alizozisali baada ya kujimwagia zimesihi, na halipi chochote. Kilichobaki ni kumrudia daktari wake aangalie paliponyofoka, na asiruhusu kupandwa tena mpaka mwaka upite na ijulikane ni zipi zilizokufa na ni zipi zitakazoota.

Wallaahu aalam.