Hesabu iliyoitangulia elektroni

Mwaka 1846 mkemia Mfaransa Frédéric Margueritte alionyesha kuwa chuma kinaweza kupimwa kwa rangi. Chuma huyeyushwa katika asidi, kisha hudondoshewa pamanganeti ya potasiamu. Zambarau ya kila tone hupotea papo hapo. Siku zote tone la kwanza kubakiza uwaridi ndilo linalotoa habari kwamba chuma chote kimeshageuka. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaoshika bureti na pamanganeti bado wanafuata njia hiyo.

Kupima kuliwezekana, ila kuandika kilichotokea kulikuwa shughuli pevu. Tangu kitabu cha Lavoisier cha 1789, wakemia walizoea kufuatilia oksijeni: imetoka wapi, imekwenda wapi. Mlinganyo ukiwa mrefu, wenye potasiamu na salfeti kila upande, mtu angeweza kubahatisha tarakimu mpaka achoke.

Nafuu ilitoka Marekani. Mwaka 1880 Otis Coe Johnson wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha kanuni inayonistaajabisha hadi leo. Haidrojeni aliipa chanya 1, oksijeni hasi 2, elementi iliyo peke yake sifuri, na jumla ya kampaundi nzima lazima iwe sifuri. Ukihesabu hivyo, manganizi ndani ya pamanganeti ina 7. Ikishuka hadi 2, imepungukiwa 5. Chuma kinapanda kutoka 2 hadi 3, yaani 1 tu. Basi pamanganeti moja inahitaji atomu 5 za chuma, bila kubahatisha. Johnson alikuwa akiweka daftari la deni la kitu ambacho hakuna aliyekijua: J. J. Thomson aliitambua elektroni mwaka 1897, miaka 17 baadaye.

Mwaka 1927 Eric Jette na Victor LaMer wa Chuo Kikuu cha Columbia waliandika wakitetea njia ya ioni na elektroni, ambayo huugawa mlinganyo nusu mbili. Nusu ya manganizi ni hii:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Wanafunzi wengi hufundishwa "ongeza maji, kisha ongeza H⁺" kana kwamba ni ujanja wa kwenye karatasi, na hapo ndipo wanapodhulumiwa. Oksijeni 4 zinapoiacha manganizi, haidrojeni 8 za asidi huzipokea na kuwa maji. Asidi inaliwa kwelikweli. Ikiwa kidogo, flaski huchafuka kwa dioksidi ya manganizi ya kahawia na kipimo kimeharibika.

Hata aina ya asidi ina maana. Kwa kawaida hutumika ya salfuriki, kwa kuwa kloridi ya asidi ya hidrokloriki inaweza nayo kuipa pamanganeti elektroni. Matone yataongezeka, na chuma kitaonekana kingi kuliko kilichomo.